Vaskulitisi ya figo na mapafu: matibabu yapo, yasicheleweshwe wala yasikatizwe

Mtu anayekohoa damu, anayepungua uzito na kutoka jasho usiku hupimwa kifua kikuu kwanza, na hilo ni sahihi kabisa. Shida huanza pale makohozi yanapoonekana hayana vimelea lakini dawa za kifua kikuu zinaanzishwa hivyo hivyo, wiki zinapita, hali inazidi kuwa mbaya, na hakuna aliyekumbuka kupima mkojo. Miongoni mwa wagonjwa wa aina hii wapo wachache wenye ugonjwa mwingine kabisa: kuta za mishipa yao midogo ya damu zimevimba na kuanza kuharibika. Ugonjwa huo huitwa vaskulitisi. Kijiti cha kupimia mkojo, kinachotoa majibu kwa dakika chache, mara nyingi hutosha kumshtua daktari aanze kuufikiria.

Chanzo chake ni kinga ya mwili kugeukia mwili wenyewe. Mgonjwa hutengeneza kingamwili (protini za kinga) ziitwazo ANCA, ambazo hushikamana na chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili na kuzichochea. Chembe hizo, ambazo kazi yake ni kupambana na bakteria, sasa hung'ang'ania kuta za mishipa myembamba na kuzitoboa. Figo na mapafu huumia zaidi kwa sababu vyote viwili vimejaa mishipa ya aina hiyo. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba. Fundo likipasuka, damu na protini huvuja kwenye mkojo, kisha mahali hapo hujaa kovu, na kichujio kilichogeuka kovu hakirudi. Kwenye mapafu, damu huvujia ndani ya vifuko vya hewa na mgonjwa hushindwa kupumua.

Figo haiumi inapoharibika hivi. Mgonjwa anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake katika wiki chache huku akilalamikia mambo mengine: pua kuziba na kutoa makoko yenye damu, masikio kupungua usikivu, viungo kuuma, macho kuwa mekundu, madoa ya zambarau kwenye miguu, au mguu kulegea ghafla kwa sababu mshipa wa fahamu umekosa damu. Kila lalamiko likitibiwa peke yake, na kila mtaalamu akiangalia sehemu yake tu, ugonjwa hupita katikati yao. Ndiyo maana sisi tunaotibu ugonjwa huu tunawaomba wenzetu wa kliniki za pua, macho na kifua wapime mkojo na kreatinini (taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja) kwa mgonjwa yeyote ambaye malalamiko yake ni mengi na hayaelezeki.

Aina kuu ni mbili. Moja ni granulomatosi yenye poliangitisi, ambayo hadi mwaka 2011 ilijulikana zaidi kwa jina la daktari Mjerumani, Wegener. Hiyo hupenda sana pua na mapafu. Nyingine ni poliangitisi ya mikroskopu, inayoelekea zaidi kwenye figo. Aina ya tatu huja pamoja na pumu na haigusi figo mara kwa mara.

Kipimo cha damu cha ANCA husaidia, hasa kikionyesha kama kingamwili ni za aina ya PR3 au MPO, yaani ni protini ipi kati ya hizo mbili za nyutrofili wanayoilenga. Hata hivyo hakitoshi peke yake. Maambukizi kwenye vali za moyo, na hata kifua kikuu chenyewe, huweza kukifanya kionyeshe kuwa kingamwili hizo zipo, na wapo wagonjwa wa vaskulitisi ambao kwao hakionyeshi kitu. Uhakika zaidi hupatikana kwa kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Lakini kama kreatinini inapanda siku hadi siku na dalili zote zinaelekea huku, na maambukizi yameangaliwa, matibabu huanzishwa kabla ya majibu hayo kurudi.

Kuuzima ugonjwa

Ripoti ya mwaka 1958 kutoka Uingereza ilionyesha kwamba wagonjwa wasio na tiba waliishi wastani wa miezi 5, na zaidi ya asilimia 80 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1983, watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 85 waliopewa siklofosfamidi, dawa kali ya kupunguza kinga, pamoja na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na kinga. Asilimia 93 kati yao ugonjwa ulitulia kabisa. Sijui magonjwa mengi ambayo hatima yake imebadilika kiasi hicho ndani ya miaka 25.

Tiba ya leo ina hatua mbili, na ya kwanza huchukua miezi mitatu hadi sita. Mgonjwa mwenye hali mbaya huanza na steroidi kwa dripu kwa siku moja hadi tatu, kisha vidonge vya prednisoloni. Zamani dozi kubwa ziliendelea kwa miezi mingi, na wagonjwa wengi waliumizwa na dawa kuliko ugonjwa: kisukari, mifupa kuvunjika, maambukizi. Utafiti mkubwa uitwao PEXIVAS, uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa 704, ulionyesha kwamba kupunguza steroidi haraka, karibu nusu ya kiwango cha kawaida kwa jumla katika miezi sita ya kwanza, hakuongezi vifo wala figo kufa, na maambukizi makali hupungua. Kwa maoni yangu hii ndiyo habari njema zaidi kwa wagonjwa hawa katika miaka ya karibuni, kwa sababu haihitaji dawa mpya wala mashine. Inahitaji daktari kuwa na ujasiri wa kupunguza kwa ratiba. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kufika miligramu 5 kwa siku ifikapo mwezi wa nne au wa tano.

Steroidi peke yake haitoshi. Huambatana na siklofosfamidi au rituksimabu. Siklofosfamidi ni dawa ya zamani, yenye nguvu, na inapatikana kwa upana zaidi. Hushusha chembe nyeupe za damu, huweza kuumiza kibofu na, ikitumika kwa wingi, huongeza hatari ya saratani na ya ugumba. Mwanamume au mwanamke anayetaka kuzaa baadaye anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya dozi ya kwanza kama hali inaruhusu, maana zipo njia za kuhifadhi mbegu au mayai. Nasikitika kila mara mazungumzo haya yanapofanyika baada ya dozi ya mwisho.

Rituksimabu huondoa chembe B, zile zinazozaa kingamwili. Utafiti wa RAVE wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa haipungui nguvu ikilinganishwa na siklofosfamidi, na kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi, ilifanya vizuri zaidi. Hata hivyo utafiti huo haukuwahusisha wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshuka sana, na kwa hao madaktari wengi bado huchagua siklofosfamidi au huziunganisha dawa hizo mbili. Kabla ya rituksimabu ni lazima kupima homa ya ini aina ya B, kwa sababu virusi vilivyolala huweza kuamka na kuua ini. Tangu mwaka 2021 ipo pia dawa ya vidonge, avakopani, inayoruhusu kutumia steroidi kidogo zaidi, ingawa bei yake inaifanya isifikike kwa wengi.

Familia nyingi huuliza kuhusu kubadilishwa plazima, yaani kuchuja damu kwa mashine ili kuondoa kingamwili. Kwa vaskulitisi ya ANCA, PEXIVAS haikuona faida iliyo wazi katika kuzuia vifo na figo kufa kwa pamoja; tunaifikiria kwa wale ambao kreatinini imezidi mikromoli 300 kwa lita, baada ya kupima faida na hatari ya maambukizi. Upo ugonjwa unaofanana na huu sana, ambapo kingamwili hushambulia moja kwa moja utando wa vichujio vya figo na vifuko vya hewa. Kwa huo, kubadilisha plazima ni sehemu ya lazima ya tiba na hufanywa kwa dharura. Kwa hiyo damu ipimwe kingamwili za magonjwa yote mawili tangu siku ya kwanza.

Kuuzuia usirudi

Hatua ya pili ndiyo ambayo wagonjwa wengi huikatiza. Kikohozi kimekwisha, nguvu zimerudi, mkojo umesafika, na mtu haoni sababu ya kuendelea na dawa. Lakini ugonjwa huu hurudi, hasa kwa wenye kingamwili za PR3. Azathioprini ilikuwa dawa ya kawaida ya kuuzuia. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2014 uliilinganisha na rituksimabu miligramu 500 kila baada ya miezi sita: ndani ya miezi 28 ugonjwa ulirudi kwa ukali kwa asilimia 29 ya waliotumia azathioprini, na asilimia 5 tu ya waliotumia rituksimabu. Pale ambapo rituksimabu haipatikani, azathioprini bado ni bora mara nyingi kuliko kutotumia chochote. Hatua hii huchukua kati ya miaka miwili na minne, na kwa wengine zaidi.

Katika mwaka wa kwanza, maambukizi huua wagonjwa wengi kuliko vaskulitisi yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa hupewa kotrimoksazoli kuzuia nimonia ya pneumosisti (kuvu anayewashambulia wenye kinga dhaifu), hupewa chanjo ya mafua na ya nimonia inapowezekana, na huepuka chanjo zenye vimelea hai. Homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kumeza dawa ya kutuliza na kusubiri kesho. Prednisoloni isisimamishwe ghafla hata siku moja, kwa sababu baada ya wiki kadhaa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe, na presha huweza kuporomoka. Diklofenaki na ibuprofeni ziachwe kabisa. Ni maumivu kidogo tu yanayopungua, na figo zilizobaki hulipa. Presha ya damu ipimwe kila mara. Mkojo na kreatinini vipimwe hata mgonjwa anapojisikia mzima, maana ugonjwa ukirudi kwenye figo utakuja kimya kama mara ya kwanza.

Figo zikishindwa

Kuanzishiwa mashine ya kusafisha damu si lazima iwe ya maisha. Wapo wagonjwa waliofika wakiwa hawatoi mkojo, wakapata tiba, na baada ya wiki au miezi wakaachana na mashine. Kwa sababu hiyo hatuachi kutibu kwa vile tu mgonjwa yuko kwenye mashine. Lakini kama figo hazijaonyesha dalili yoyote ya kuamka baada ya miezi mitatu hivi, na hakuna kiungo kingine kinachoshambuliwa, kuendelea na dawa kali huongeza hatari bila faida, na hapo dawa hupunguzwa.

Wanaobaki kwenye mashine wanaweza kupandikizwa figo. Kinachosubiriwa ni ugonjwa kutulia kabisa kwa angalau miezi sita. Kipimo cha ANCA kikiwa bado kinaonyesha kuwa kingamwili zipo wakati dalili zote zimekwisha, hicho peke yake hakimzuii mgonjwa kupandikizwa. Dawa zinazolinda figo mpya husaidia pia kuizuia vaskulitisi, na ugonjwa kurudi kwenye figo hiyo si jambo la kawaida.