E. coli si uchafu tu: tunayoyakosea kuhusu bakteria wa tumboni

Dhana: E. coli ni kidudu cha uchafu, mtu mwenye afya hana.

Ukweli: Unaye sasa hivi. Huingia tumboni siku za mwanzo kabisa za maisha, na Theodor Escherich, daktari wa watoto wa Kijerumani, alimkuta mwaka 1885 kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Makazi yake ni utumbo mpana, ambako husaidia kutengeneza vitamini K na kuwabana vijidudu vya maradhi wasipate pa kukaa. Maji yakipimwa akakutwa humo, ni ishara kwamba kinyesi kimeingia, na kinyesi huweza kubeba mengi mabaya kuliko yeye.

Dhana: Basi wote ni wapole.

Ukweli: Hapana, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Aina ya O157:H7, iliyotambuliwa Marekani mwaka 1982, hutoa sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu, hasa ya figo. Mtu akiharisha damu, apelekwe hospitali. Asinunuliwe antibayotiki kwa kubahatisha, kwani baadhi yake huweza kumchochea bakteria huyu amwage sumu zaidi. Hata yule mpole, akihama tumboni akapanda njia ya mkojo, analeta UTI. Ndiye msababishi wake mkuu.

Dhana: Bakteria mwilini ni mara 10 ya seli zetu.

Ukweli: Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Makadirio ya mwaka 2016 ni bakteria trilioni 38 kwa seli trilioni 30, na bakteria hao wote pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi.

Dhana: Kwa sayansi, E. coli ni wa kuuawa tu.

Ukweli: Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana anatudai shukrani. Muweke mmoja kwenye chupa ya maabara yenye chakula na joto la mwili saa mbili asubuhi. Hugawanyika kila dakika 20 hivi, na ikifika saa tisa alasiri wamepita milioni 2. Kasi hiyo ndiyo iliyowavutia watafiti waliompachika jeni ya insulini ya binadamu mwaka 1978 ili aitengeneze. Mwaka 1982 insulini hiyo iliidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo, wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyokamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe.