Blenda ya bure iliyokuja na fomu ya kodi

Kila mwaka ikifika mwezi wa pili ofisi yangu hapa Lexington, Kentucky inajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, wengi ni ndugu zetu wa Bukavu, Uvira na Goma, na mi ndo Mtanzania wao wa kodi, nawajazia fomu na kuwasomea barua za IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Sasa kuna kaka mmoja alikuja, anafanya kazi ghalani, analipwa kwa saa, W-2 yake, ile karatasi ya mshahara wa mwaka, safi kabisa, kodi imeshakatwa huko huko kazini, tukawa tunategemea refandi nzuri tu, yaani kodi iliyozidi irudishwe. Nimemaliza kujaza nikamuuliza kama ninavyouliza kila mtu, kuna karatasi nyingine? Akasita kidogo. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi aliyoiprinti maktaba, imekunjwa mara nne, kaiweka mezani kama mtu anayeonyesha cheti cha hospitali. 1099-NEC, karatasi ya malipo ya mtu asiyeajiriwa, kisanduku namba 1, dola 4,200 na senti zake.

"Dada, hii wamekosea. Mi hawakunilipa hata franga moja."

Hawakukosea. Kaka alikuwa kwenye Amazon Vine, ile programu ya kupewa vitu bure ili uandike rivyu, yaani maoni yako kuhusu bidhaa, na tangu siku ile nimekutana na kesi za hivi nyingi kiasi kwamba nimeona bora niandike mara moja watu wasome.

Vine ipo tangu 2007. Huombi kujiunga, unaalikwa, yaani Amazon wanaangalia rivyu ulizokuwa unaandika mwenyewe kwa vitu ulivyonunua kwa hela yako, wakiona zinawasaidia wateja wengine wanakuletea emaili ya mwaliko. Ukiingia unaanzia ngazi ya Silver, unaruhusiwa vitu 3 kwa siku na kila kimoja kisizidi dola 100. Wanakupima kila miezi 6, ukiwa umechukua angalau vitu 80 na ukaandikia rivyu asilimia 90 ya hivyo unapanda Gold, hapo ni vitu 8 kwa siku na bei haina dari. Umeona mtego ulipo? Ili upande lazima uchukue vingi, na wengi wetu tukiona neno bure akili inalala, unaoda taa za bustani na huna bustani.

Anayelipia mchezo wote huu ni muuzaji. Anatoa bidhaa zake, na akitoa zaidi ya 2 kwa bidhaa moja analipa na ada juu yake, dola 75 mpaka vipande 10, dola 200 mpaka vipande 30. Anachonunua pale ni rivyu za mwanzo tu maana kitu kisicho na rivyu hata moja hakuna anayekigusa, ila hanunui nyota. Hili watu hawaniamini. Mi mwenyewe nipo Vine, nilichukua blenda nikasema ngoja niijaribu kwa kazi ya kweli, nikaweka nazi ya vipandevipande na maji ya uvuguvugu nitoe tui la wali. Dakika ya kwanza ikavuma vizuri, ya pili ikaanza kunuka kama waya unaungua, alafu mfuniko ukanyanyuka na tui likaruka mpaka kwenye pazia. Nikaandika hivyohivyo, nazi, harufu, pazia, nyota 2, na picha nikaweka. Hamna aliyenipigia simu, hamna aliyenitoa kwenye programu, na chini ya jina langu pakaandikwa kama kawaida kwamba ni rivyu ya mteja wa Vine aliyepewa bidhaa bure.

Sasa kodi. Kila kitu kwenye Vine kina bei yake ya kodi, wenyewe wanaiita ETV, na imeandikwa palepale kabla hujabonyeza, haijafichwa, sema nani anaisoma. Zinajumlishwa mwaka mzima, na mpaka vitu vya 2025 zikifika dola 600 ulikuwa unatumiwa 1099-NEC na IRS wanapata nakala yao. Kwa vitu vya kuanzia 2026 sheria imepandisha hicho kiwango mpaka dola 2,000, na nimeshasikia watu wanashangilia eti chini ya hapo hamna kodi. Hapana jamani. Kilichopanda ni kiwango cha kutumiwa karatasi. Kipato ni kipato hata kama hamna karatasi, na IRS hawajali umelipwa dola au umelipwa blenda, umefanya kazi ya kuandika ukapewa kitu chenye thamani, basi.

Kinachouma zaidi ni kwamba hiyo 1099-NEC ni karatasi ya mtu aliyejiajiri. Ukiwa unaoda kila wiki na kuandika kila wiki, mi naiweka Schedule C, fomu ya faida ya biashara, na hapo kabla ya kodi ya kawaida unakutana na ile ya kujiajiri, asilimia 15.3 juu ya karibu faida yote, yaani Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya uzeeni) zote mbili unalipa pande zote maana huna bosi wa kuchangia nusu. Wapo wanaoandika kuwa ni hobi tu, inaenda kwenye kipato kingine na ile 15.3 haikugusi, na kwa mtu aliyechukua vitu vichache bila mpangilio sibishani naye sana, lakini mtu mwenye vitu 90 kwa mwaka akiniambia hobi namwangalia tu. Kwa kaka wa ghalani hesabu ilikuja hivi: kujiajiri peke yake karibu dola 593, ukiongeza kodi ya shirikisho kwenye daraja lake la asilimia 12, na jimbo letu nalo lilikuwa linachukua asilimia 4, jumla ikapita dola 1,000. Refandi aliyokuwa ameshaipangia kununua matairi ikabaki kipande.

Akauliza swali zuri sana, si niviuze nipate hela ya kulipia? Kwanza masharti ya Vine hayakuruhusu kuuza wala kumpa mtu mwingine kabla ya miezi 6. Pili, hebu fikiria vyenyewe vilikuwa nini, alinionyesha picha kwenye simu, sebule ina maboksi mpaka dirishani, projekta mbili, kiti cha ofisi na hana ofisi, pazia za rangi ambayo mkewe amezikataa, na pipa la kutuma Uvira limesimama kona linasubiri tarehe zipite. Projekta iliyoandikiwa dola 180 nani atakupa hata 60 kwa kitu cha jina lisilojulikana.

Kwahiyo ninachowaambia wateja wangu ni hiki, ukiona kitu usijiulize nakitaka au sikitaki, jiulize ningekuwa tayari kukinunua kwa robo ya bei hii? Maana kwa mtu wa kipato cha kawaida hapa ni kama unakinunua kwa hiyo robo, zaidi kidogo ukihesabu na jimbo. Godoro la mtoto la dola 120 kwa thelathini, sawa, chukua. Taa ya umbo la mwezi kwa dola nane, we hapana. Alafu usisubiri mwezi wa nne ushtuke, nenda HR uombe W-4 mpya, fomu ya kumwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, kwenye 4(c) andika hata dola 20 wakate zaidi kila mshahara, hutazisikia. Ukishindwa hilo kuna kulipa kwa vipande mara nne kwa mwaka, ila nikisema ukweli wateja wangu wanaokumbuka tarehe 15 Juni nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wanafunzi wenye viza ya F-1 nyie mniskilize vizuri. 1099-NEC ni karatasi ya malipo ya kazi, na nyie kazi mmewekewa mipaka. Kabla hujakubali ule mwaliko pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako uwaulize kwa mdomo wako, usije ukaweka viza rehani kwa ajili ya spika ya bluetooth.

Na kuna wale wanaonitumia skrinshoti za magrupu ya Facebook, nunua kwa hela yako, weka nyota 5, tunakurudishia PayPal. Hiyo sio Vine na wala sio sampuli. Amazon walipiga marufuku rivyu za kubadilishana na bidhaa tangu Oktoba 2016 wakaacha Vine na nakala za vitabu tu, na mwaka 2022 waliwashtaki waendeshaji wa magrupu zaidi ya 10,000 ya namna hii. Kuanzia 21 Oktoba 2024 kuna na kanuni ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, mfanyabiashara haruhusiwi kukupa kitu kwa sharti kwamba usifie au uponde. Mi nilishaliwa humo 2018, nakiri, taa ya mezani dola 38, nikaweka nyota zangu 5 kama mjinga, yule muuzaji akasoma meseji, tiki mbili za bluu, mpaka leo. Na ile rivyu nilikuja kuifuta mwenyewe kwa aibu maana taa yenyewe ilikuwa inapepesa.

Ukitaka vidogovidogo bila maumivu ya kodi wapo kama Influenster, unaletewa boksi la shampuu na losheni na vitu vya namna hiyo, thamani ndogo, huwezi kujaza sebule. Walioko Dar na Nairobi mnaonitumia meseji jinsi ya kuingia Vine, Amazon haina soko lake huko kwetu, kwahiyo anayekwambia anakuunganisha kwa elfu hamsini anakula hela yako.

Yule kaka bado ni mteja wangu. Mwaka huu kaja na ETV dola 310 tu, nikampongeza, akafurahi akanifungulia simu nione anavyochagua siku hizi. Ameshagundua kuwa vitu kama vyakula na vitamini mara nyingi vinaandikwa ETV sifuri, basi anapita projekta, anapita viti, kidole kinakimbia, anatafuta sifuri tu. Nikaona oda ya mwisho, vitamini za wajawazito, chupa mbili.

"Kaka, hongera, mama watoto ana mimba?"

"Hapana dada. Lakini angalia hapa, ni sifuri."

Na rivyu bado hajaandika.