Sindano, viraka na imani: tunayoambiwa sisi tunaoshona nyumbani

Cherehani yangu ya kukanyaga iko chini ya dirisha, Nyakato jijini Mwanza, na Jumamosi mchana wanawake wanne wa usharika wetu huja na mifuko ya mabaki ya vitenge waliyoomba kwa mafundi wa mjini. Tunaomba, tunamwaga vitambaa sakafuni, tunachambua. Kinachotoka hapo kamusi hukiita mfarishi; mtaani kwetu ni blanketi la vipande. Juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini kitambaa kizima, kisha mshono wa mkono unaopita tabaka zote tatu ili zisiachane.

Kwa miaka tuliyofanya kazi hii nimesikia mengi, kanisani, sokoni, hata mezani kwangu. Baadhi ya maneno hayo yamewafanya wanawake wenye mikono mizuri kuweka sindano chini, na hilo linaniuma.

"Hiyo ni kazi ya mikono tu. Huduma ni kuhubiri na kuimba."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, tena kwa watu wema. Mama mmoja aliniambia, "Dada, mimi sina karama yoyote, nashona tu." Nikamfungulia Kutoka 28:3. Hapo Mungu anamwagiza Musa aseme na watu wenye moyo wa hekima, ambao Yeye mwenyewe amewajaza roho ya hekima, wamtengenezee Haruni mavazi ya ukuhani. Wanaosemwa hapo ni mafundi nguo! Sura tatu mbele, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya ufundi, na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani anatajwa baadaye kuwa mtarizi wa nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu. Sura ya 35 wanawake wanasokota nyuzi hizo kwa mikono yao, na singa za mbuzi pia. Kabla Haruni hajaingia kuhudumu ndani ya ile maskani, hema ya ibada, kila pazia lake lilikuwa limepita kwa watu wa uzi na sindano.

Yule mama alisoma mara mbili, akanyamaza. Sasa ndiye anayetukatia vipande, na mkasi wake hauyumbi.

Na kuna Hana. Samweli wa Kwanza 2:19 inasema alikuwa akimfanyia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Mtoto anakaa hekaluni Shilo, mama yuko Rama, na mtoto anakua. Ina maana kila mwaka alikata kitambaa kwa kukisia kimo cha mtoto asiyekuwa naye. Mama aliyewahi kumshonea sare mtoto wa bweni anaelewa sala iliyomo katika upindo unaoachwa mrefu kidogo, ili ukifumuliwa nguo ifike.

Wanaosema ushonaji ni wa wanawake, wasome Matendo 18:3: Paulo alikaa Korintho kwa Akila na Prisila kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja, kushona mahema. Au wapite tu kwenye baraza za mafundi mjini Mwanza wahesabu wanaume.

"Mablanketi ya vipande ni mambo ya wazungu."

Ni kweli wapo Walutheri wa Marekani wanaoshona mablanketi kama haya makanisani mwao na kuyatuma kwa wakimbizi kupitia Lutheran World Relief, shirika lililoundwa 1945. Mungu awabariki. Lakini kazi hii haina mwenyewe mmoja.

Harriet Powers alizaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1886 alipeleka kwenye maonyesho ya pamba ya mji wa Athens, humo humo Georgia, mfarishi wenye picha 11 alizozikata kwa kitambaa na kuzibandika kwa mshono: Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ngazi ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Karamu ya Mwisho. Mwalimu mmoja wa sanaa akautaka, naye Harriet akakataa kuuza. Miaka michache baadaye shida zilimbana, akauachia kwa dola 5, lakini kwanza alimweleza mnunuzi picha moja baada ya nyingine, na baada ya hapo alirudi mara kadhaa kuutazama. Leo uko Washington, katika makumbusho ya Smithsonian, na wataalamu wamelinganisha ushonaji wake na vitambaa vya picha vya Dahomey, Benin ya leo.

Upande wa pili wa bahari, Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika, wengi wao waliotokea pwani ya Afrika Mashariki. Wapo Wakatoliki, Waislamu na Wahindu. Wanawake wao hushona mablanketi yaitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, wakianzia pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, na pembe zote nne lazima ziwekewe kipande kilichokunjwa kinachoitwa ua, la sivyo blanketi linahesabiwa kuwa uchi. Wakatoliki huweka na misalaba. Nilipoziona picha zake mara ya kwanza niliita wenzangu wote. Rangi zile ungedhani zimekatwa kwenye vitenge vyetu.

Na pamba je? Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa Usukumani, mbegu kama UKM08 zimetoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, na wazee wetu wanakumbuka khanga za kiwanda cha Mwatex zilizofumwa hapa hapa Mwanza. Kama kuna watu wasiostahili kuwa wageni mbele ya kitambaa cha pamba, ni sisi.

"Kumpa mtu viraka ni kumdharau."

Hapa pana ukweli ndani yake, ndiyo maana inabidi kusema taratibu. Ukimpelekea mtu matambara yaliyoungwa ovyo, nyuzi zinaning'inia, umemdharau kweli, hata ukiyaombea mkesha mzima. Dharau iko kwenye mshono mbaya.

Nalijua hili kwa kosa langu mwenyewe. Blanketi la kwanza nililotoa nililishona kwa vitenge vilivyokwisha fuliwa mara nyingi, nikachanganya kitambaa chekundu kipya nilichopenda rangi yake. Nililipeleka kwa mzazi mmoja mtaa wa Igogo. Baada ya kulifua mara moja, wekundu ulichuja juu ya weupe wote, na vile vipande vipya vikarudi, vikavuta vya jirani, blanketi likakunjamana kama uso wa mtu anayelia. Hakunilaumu. Nililiona limeanikwa kwenye kamba nilipopita, nikarudi nyumbani bila kubisha hodi.

Siku ile ndipo nilipomwelewa Yesu katika Mathayo 9:16. Anasema hakuna mtu atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, kwa maana kile kiraka huvuta vazi na palipotatuka huzidi. Mafundisho yake yana kina kuliko nguo, lakini mfano wenyewe ni ufundi mtupu: pamba mpya hurudi inapoloweshwa, iliyokwisha fuliwa imeshamaliza kurudi. Nadhani nyumbani kwao Nazareti aliona mtu akirudia kazi.

Tangu hapo kila kitambaa kipya kinalala ndani ya maji usiku kucha, kikianikwa kinapigwa pasi, ndipo kikatwe. Chekundu na buluu iliyokoza tunaviloweka peke yake mpaka maji yatoke meupe. Vipande tunavikata inchi 6 na nusu, robo inchi kila upande inaliwa na mshono, vinabaki inchi 6 kamili. Sita kwa sita unapata blanketi la mtoto la inchi 36. Ukiweka pamba katikati, mistari ya bandi, ule mshono wa mkono unaofunga tabaka, isiachane zaidi ya inchi 3 au 4, maana pamba isiyofungwa hukimbilia upande mmoja ikifuliwa na kuacha mashimo ya baridi. Sindano ya cherehani namba 14 inatosha kuunga vitenge. Kwenye tabaka tatu weka 16.

"Bila msalaba au mstari wa Biblia, si kazi ya imani."

Napenda vitambaa vya meza vilivyotariziwa maandiko, na mama yangu alikuwa navyo kwenye kila kochi. Lakini mtoto anayelala hasomi. Nguo za Dorkasi, yule mshonaji wa Matendo 9 nitakayemfikia hapo chini, zilikuwa kanzu na mavazi ya kawaida tu, hakuna neno juu ya nakshi.

Pia kuna habari inayozunguka mitandaoni kwamba washonaji wacha Mungu wa zamani waliacha kosa moja makusudi kwenye kila blanketi, kwa kuwa Mungu peke yake ndiye mkamilifu. Waliochunguza historia ya mifarishi hawajapata ushahidi wa desturi hiyo. Fumua tu palipokosewa.

"Mwanza ni joto, blanketi la nini?"

Anayesema hivyo hajalala Kayenze, kando ya ziwa, mwezi Julai. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka kuzunguka nyuzi 16, ukiongeza upepo wa ziwani. Ila kwa mtoto njiti nisieleweke vibaya. Akina mama huomba blanketi zito kwa ajili yake, wakati kinachomfaa kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Kwa hao tunashona jepesi, la kumfunika mama pamoja na mgongo wa mtoto akiwa bado kifuani, lisifike usoni pake.

"Ukiuza, umeharibu sadaka."

Mke mwema wa Mithali 31 hufanya nguo za kitani na kuziuza, mstari wa 24. Mstari wa 20 anawakunjulia maskini mikono. Ni mikono ile ile. Sisi katika mablanketi matano tunauza mawili, pesa inanunua uzi.

"Nguo za marehemu zina mikosi, zisiguswe."

Kwa hili nitakaa kidogo. Matanga yakiisha, nguo nyingine hugawiwa ndugu, nyingine hufungiwa sandukuni kwa hofu, na nimewajua Wakristo waliobatizwa wanaozichoma usiku wasionekane.

Sasa soma Matendo 9 kuanzia mstari wa 36. Tabitha, ambaye kwa Kiyunani ni Dorkasi, yaani paa, amefariki Yafa. Wamemwosha, wamemlaza orofani. Petro anafika kutoka Lida, na wajane wanasimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Aliyewahi kukaa msibani anaijua hali hiyo: mtu anashika khanga, anasema, hii alinipa yeye. Hakuna aliyezikimbia. Ndizo zilizokuwa ushuhuda wao, na Petro hakuwaambia waziondoe.

Mtaani kwetu alifariki mama mmoja, mwimbaji wa kwaya, akaacha watoto watatu. Bibi yao alikuja kutoka Ukerewe kuwachukua. Jioni moja alibisha hodi kwangu na sanduku kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia wewe unaunga vitambaa. Hawa watoto kila usiku wanagombea kitenge kimoja cha mama yao. Nifanyie kitu."

Tulifua kila kitu, tukaanika juu ya mawe hadi jua likazama. Vitenge vilikuwa vimechoka mapajani, mahali alipopakata watoto, kwa hiyo tulikata kwenye pindo, na vipande vyepesi tukavitia bitana nyuma. Mwenzetu mmoja aliogopa. Jumamosi mbili alikaa mlangoni akitutungia uzi kwenye sindano tu. Ya tatu alisogea, akachukua mkasi, akakata kitenge cha kwaya bila kusema neno, na sisi hatukusema.

Vipande 108, mablanketi matatu. Tulihakikisha kila mtoto amepata kutoka kila nguo: sare ya kwaya, kitenge cha harusi ya dada yake, dera la nyumbani, hata mfuko wa aproni. Tulipokuwa tukipiga bandi tuliimba zile alizokuwa akiimba sauti ya pili, na sauti ya pili ilikosekana, ikasikika ilivyokosekana.

Khanga moja bibi alisema isiguswe na mkasi. Ndiyo aliyofungia mablanketi yote matatu asubuhi walipokwenda kupanda meli ya Nansio.