Matumaini kwa Anayeugua Saratani: Maswali na Majibu

Je, mtu anaweza kuwa na matumaini hata baada ya kuambiwa kwamba saratani yake haitapona?

Anaweza, kwa sababu matumaini ni mapana kuliko kupona. Mwanzoni wengi hutumaini kwamba uvimbe utaondolewa wote. Baadaye, hali ikibadilika, mtu yule yule huanza kutumaini kwamba atalala usiku bila maumivu, atamwona mwanawe akimaliza shule, au atapatana na ndugu waliyekosana naye. Huko si kukata tamaa. Matumaini yamehama kutoka jambo moja kwenda jingine, na mgonjwa asiharakishwe katika safari hiyo.

Daktari amenitajia idadi ya miezi. Niielewe vipi?

Mara nyingi idadi hiyo ni nambari ya katikati: nusu ya wagonjwa waliochunguzwa waliishi muda mfupi kuliko huo, na nusu waliishi zaidi, baadhi yao kwa miaka mingi. Mwanasayansi wa Marekani, Stephen Jay Gould, aligunduliwa mwaka 1982 kuwa na mesotelioma ya tumbo, saratani ambayo nambari yake ya katikati wakati huo ilikuwa miezi minane. Aliishi miaka 20 zaidi. Simtaji ili kumwahidi yeyote kwamba naye atafika huko, bali kuonyesha kwamba nambari hiyo hueleza kundi zima na haiwezi kumpangia mtu mmoja siku zake. Muulize daktari wako ni mambo gani katika hali yako, kama vile umri, hatua ya ugonjwa na jinsi mwili unavyoitikia dawa, yanayokusogeza upande huu au ule. Na kama hutaki kusikia nambari kabisa, una haki ya kumwambia hivyo.

Ndugu zangu wananikataza kulia, wakisema huzuni itauongeza ugonjwa. Ni kweli?

Wanasema hivyo kwa upendo, lakini wanakutwisha mzigo usiokustahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, haukuona kwamba waliokuwa na hali nzuri ya kihisia waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa hiyo ukilia leo hujaulisha uvimbe, na ugonjwa ukirudi si kwa sababu hukutumaini vya kutosha. Hata hivyo, huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, inayokunyima usingizi na hamu ya kila kitu, huenda ikawa sonona, nayo ina tiba. Mweleze daktari kama unavyomweleza maumivu.

Matumaini hudumishwaje siku hadi siku?

Mwanasaikolojia C. R. Snyder aliyaeleza matumaini kuwa na sehemu tatu: lengo, njia za kulifikia, na imani kwamba unaweza kuzifuata. Maelezo hayo yana manufaa kwa sababu yanaruhusu lengo liwe dogo. Mfikirie mgonjwa aliyetoka kupata dripu ya tatu ya tibakemikali, mdomo una ladha ya chuma na miguu haina nguvu: lengo lake la leo ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti kilicho mlangoni, apigwe na jua kidogo. Njia ni kushika ukuta, au bega la mtu. Akishindwa asubuhi, atajaribu jioni. Dawa za kichefuchefu na maumivu nazo ni sehemu ya kazi hii, maana ni vigumu mno kutumaini chochote mwili ukiwa katika mateso.

Nikipelekwa kwenye tiba shufaa, ina maana madaktari wamenikatia tamaa?

Hapana. Tiba shufaa hupunguza maumivu na dhiki, na inaweza kuanza pamoja na matibabu mengine tangu mwanzo. Katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, walioipata mapema walikuwa na maisha yenye nafuu na dalili chache za sonona kuliko wenzao, na waliishi muda mrefu zaidi, ingawa waliopewa matibabu makali mwishoni mwa maisha walikuwa wachache kuliko wale wenzao. Usingoje upelekwe, uliza kuihusu wewe mwenyewe.