Si boda, wala si boti: tunayoambiwa Mombasa kuhusu kufungua injini ya kwodi ya tustroki

Mombasa hukosi mtu anayejua injini. Simamisha chombo kinachotoa moshi kando ya barabara pale Kisauni uone: dakika tano hazipiti, yupo dereva wa boda, yupo wa tuktuk, yupo mzee aliyekuwa na boti ya kuvulia, na kila mmoja ana dawa yake. Tena dawa zenyewe si za uongo. Kila moja imewahi kuponya kitu. Tatizo ni kwamba boda ni fostroki (pistoni hupanda mara mbili kwa kila mwako), boti inapozwa kwa maji, na kwodi yangu, yaani pikipiki ya magurudumu manne, si hiki wala si kile.

Yangu ni Yamaha Blaster: silinda moja, sentimita za ujazo 195, tustroki (mwako kila pistoni inapopanda) inayopozwa kwa upepo. Zilitengenezwa kuanzia 1988 hadi 2006, kwa hiyo hata ile changa kabisa si changa tena. Niliinunua Nairobi kwa bei ya kuona haya, ikashushwa kwa lori hadi Shanzu, hapa Mombasa, na muuzaji alisema inawaka kiki ya pili. Kweli iliwaka kiki ya pili. Wiki tatu baadaye ikanoki: injini ikafa.

Haya ndiyo niliyoambiwa, kabla na baada.

"Oili ya injini si ipo? Angalia stiki."

Ushauri wa boda huu, na ndio mama wa makosa yote. Kwenye boda, oili iliyo chini hupandishwa hadi kwenye pistoni na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), kisha inarudi. Kwenye tustroki, oili iliyo chini ni ya gea na klachi peke yake. Pistoni haiioni. Chumba cha kranki kimefungwa mbali na gea, nacho kina kazi nyingine kabisa: ni pampu. Pistoni inapopanda, inavuta hewa na petroli kuingia chumba kile. Inaposhuka, inausukuma mchanganyiko ule upite kwenye matundu ya silinda hadi juu ya pistoni. Oili pekee inayofika kwenye beringi za kranki, beringi ya sindano ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na ukuta wa silinda ni ile iliyosafiri pamoja na petroli.

Blaster ilitoka kiwandani na pampu ndogo ya kuchanganya oili yenyewe. Nyingi zilizotumika pampu hiyo imeshang'olewa. Usidhani: fuata mpira wa oili kwa mkono mpaka uone unaishia wapi. Kama pampu haipo, unachanganya mwenyewe kwenye dumu, na kipimo kinachotumiwa na wengi ni petroli 32 kwa oili 1, yaani mililita 156 kwa lita 5 za petroli. Nilinunua chupa ya mtoto yenye alama za mililita, na mwenye duka akanipongeza kwa kupata mtoto.

"Oili ya boti ni ile ile."

Jirani yangu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote, alinipa chupa bure. Nikamwambia, "Ami, hii ni ya injini za maji." Akacheka. "Mwanangu, oili ni oili. Na Yamaha ni Yamaha."

Hoja yake ina mashiko zaidi ya inavyosikika. Injini nyingi za boti za wavuvi wetu ni tustroki, ni za Yamaha, nazo zinachanganyiwa oili kwenye petroli vile vile. Lakini injini ya boti inavuta maji ya bahari masaa yote na haiwi na moto mkali. Oili yake, ile iliyoandikwa TC-W3 kwenye chupa, imetengenezwa kwa joto hilo la chini. Silinda inayopozwa kwa upepo, ikipanda mchanga kwa gea ya pili saa nane mchana, ni moto wa aina nyingine. Hapo tafuta chupa yenye alama ya kiwango cha oili ya tustroki: JASO FC au FD, au API TC. Ni hiyo hiyo inayofaa msumeno wa mnyororo, kwa hiyo ukiikosa kwenye duka la pikipiki, jaribu wanaouza misumeno.

Na ndugu wa dhana hii ni ile ya "ongeza oili kidogo, injini ipoe". Jeti, lile tundu dogo la kabureta linalopima petroli, hupitisha ujazo ule ule. Ukizidisha oili, petroli inayopita ni pungufu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na mchanganyiko mwepesi ndio unaoleta moto. Hapo hapo plagi inajaa masizi. Pima, basi.

"Badilisha ringi tu, utarudi barabarani leo."

Nilirudi barabarani siku ile ile. Ndiyo maana nilifungua injini mara mbili.

Silinda haivai sawasawa. Pistoni husukumwa upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo duara hugeuka yai, na kwa kawaida huwa pana zaidi juu kuliko chini. Ringi, pete ya chuma inayoizunguka pistoni, ni duara. Ukiitia ndani ya yai, inagusa hapa na kuacha pengo pale, moto unapita pembeni, na ile filamu ya oili inaungua. Kwa jicho huoni chochote. Ukuta wangu ulikuwa unang'aa kama sinia la harusi, nami nikafurahi, kumbe mng'ao ni dalili mbaya: alama za msalaba-msalaba zinazoshika oili zilikuwa zimekwisha.

Kinachotakiwa ni kupima kipenyo cha ndani juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, kwa mbele-nyuma na kwa kushoto-kulia. Blaster ikiwa mpya ni milimita 66. Ikishapanuka au ikiwa na mikwaruzo, inachongwa kwenye mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi: 66.25, 66.50, na kuendelea. Silinda yake ina mkono wa chuma (sliivu) ndani, kwa hiyo inachongeka. Kuna tustroki nyingine ambazo ukuta wake umepakwa madini magumu. Hizo ukizipeleka kuchongwa umeziua.

Hapa Mombasa wenye mashine za kukereza wapo, Shimanzi na Changamwe, nao ni mafundi hasa. Lakini wengi wamezoea silinda za boda na za magari, kwa hiyo kuna mambo uyaseme kwa mdomo wako. La kwanza: nunua pistoni kabla, umpe mkononi. Asichonge kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi, achonge kwa kufuata pistoni aliyoipima kwa maikromita. Pistoni ya kufuliwa (forged) huvimba kwa joto kuliko ya kumiminwa (cast), kwa hiyo inataka nafasi kubwa zaidi, na nafasi hiyo imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja nayo. Karatasi ile usiitupe. La pili: silinda ya fostroki ni ukuta mtupu, hii ina matundu. Baada ya kuchonga, kingo za matundu zinabaki kali kama wembe, na lazima zipunguzwe ukali, la sivyo ringi itanasa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya matundu, ringi za tustroki haziruhusiwi kuzunguka ovyo. Kwenye mfereji wa pistoni kuna kijipini, na ncha za ringi lazima zikikumbatie. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee kwenye ekzosi. Klipu za pini ya pistoni hazirudishwi zikishatoka, hata kama zinaonekana nzima. Klipu moja ikiruka, imekwenda na silinda yako mpya.

Halafu usafi. Fundi wangu wa kwanza aliosha silinda kwa petroli, kama sote tulivyofundishwa. Petroli huondoa mafuta, lakini vumbi la jiwe la kusugulia linabaki ndani ya ile mistari ya msalaba-msalaba. Maji ya moto na sabuni, brashi, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha oili hapo hapo, kwa sababu hewa ya hapa haisubiri. Nusu saa tu chuma kitupu kinaanza kuwa na rangi ya machungwa.

"Nairobi ilikuwa inakimbia vizuri, kwa hivyo kabureta usiiguse."

Hili lilinigusa kwa sababu lilikuwa kweli kabisa, huko Nairobi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, karibu moja ya sita pungufu ya hii yetu. Aliyeipangia kabureta yake huko, kama alijua kazi, alitia jeti ndogo inayolingana na hewa hiyo. Shusha kwodi hiyo hadi Shanzu: hewa ni nzito, petroli ni ile ile kidogo, mchanganyiko umekuwa mwepesi bila mtu kugusa kitu. Inakimbia vizuri sana, tena inalia kwa ukali wa kupendeza, mpaka inoki. Plagi ilishaniambia, ila sikuisoma. Ilikuwa nyeupe kama chaki, ilhali inatakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa.

Nilipofungua kabureta, jeti kubwa ilikuwa ndogo kuliko ya kiwandani. Kwa ufuo wa bahari anza na ya kiwandani, au kubwa kuliko hiyo, kisha shuka polepole ukiangalia plagi. Kukosea upande wa petroli nyingi kunakugharimu plagi. Upande wa pili ni pistoni.

"Haivuji oili nje, kwa hivyo sili ni nzima."

Sili ya kranki, ile raba inayoziba pale shafti inapotokeza, haikusudiwi kuzuia oili peke yake. Kumbuka chumba kile ni pampu: sili ikiwa imekauka, inavuta hewa, na hewa haiachi doa sakafuni. Ya kushoto, nyuma ya magneti, ikivuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inapaa mlio wenyewe hata ukiachia mkono. Ya kulia, upande wa klachi, inavuta oili ya gea na kuichoma. Hapo utaona moshi mzito usiokwisha na oili ya gea inayopungua bila kuvuja popote. Basi yule anayesema "tustroki ni moshi tu, kawaida yake" amesema nusu. Moshi kidogo wa buluu asubuhi, sawa. Ukiona wingu linalokufuata hadi sokoni Kongowea, pima oili ya gea.

Kuzipima si kazi ya maabara. Ziba mlango wa kabureta na wa ekzosi kwa raba, jaza hewa ya psi 6 (psi ni kipimo cha presha), subiri dakika sita. Ikipoteza zaidi ya psi 1 kwa dakika, pana mahali panapovuja. Paka maji ya sabuni utafute povu. Geji ya psi 6 sikuipata mjini, kwa kuwa zote zilikuwa za matairi na psi 6 kwao ni sifuri. Nikaenda duka la dawa nikanunua mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya kubonyeza kwa mkono. Inafika milimita 300 za zebaki, na hizo ni karibu psi 5.8. Sili yangu ya kushoto ilikuwa mbovu: presha ilishuka hadi chini kabla sijaanza kuhesabu dakika.

"Ilikuwa imepaki tu miaka miwili, haijachoka."

Karibu na bahari, kupaki ndiko kunakochosha. Beringi za kranki hazilali ndani ya oili, zina utando mwembamba tu ulioachwa na safari ya mwisho, na chumvi inaumaliza. Shika konrodi uivute juu na chini: isiwe na mchezo hata wa nywele. Kuyumba kidogo pembeni ni kawaida yake. Izungushe polepole usikilize kama kuna mchanga unaosagika. Ikiwa upo, kranki itoke, na hiyo ni kazi ya presi na ya kunyoosha kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Nyundo haihusiki.

"Ikishafungwa, iache ingurume saa nzima isimame hapo."

Inayopozwa kwa upepo, isiposogea, upepo hautoki popote. Unaiwasha mpaka ipate joto, unaizima, inapoa kabisa, mara tatu. Ikiwa baridi, kaza nati za kichwa tena. Halafu unaiendesha taratibu, ukibadilisha mwendo, usishike moto mmoja kwa muda mrefu, na sponji ya chujio la hewa iwe imeloweshwa oili yake, maana mchanga wa Shanzu ukiingia mara moja tu, upande wa pistoni unaotazama kabureta utasagika.

Ile mashine ya presha bado iko kwenye boksi la spana. Juzi Ami alikuja kuiazima. Nikamuuliza kama anajisikia vibaya. "Mimi mzima," akasema, "mpira wa petroli wa boti ndio unaovuta hewa."