Yule mnene anayecheka si Buddha

Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu: picha ya netsuke, yaani kisanamu kidogo cha Kijapani cha kuchongwa: mwanamume mnene, kitambi wazi, anacheka. Chini yake wameandika kwamba huyo ndiye Buddha, na kwamba netsuke zote ni hirizi za Kibuddha za kuvuta utajiri.

Sivyo. Netsuke ni kifaa cha mavazi. Kimono, vazi la jadi la Wajapani, haina mifuko, kwa hiyo wanaume wa enzi ya Edo (1603–1868) walining'iniza kikasha cha dawa au mfuko wa tumbaku kwa kamba iliyopita nyuma ya mshipi. Netsuke ilikaa juu, ikazuia kamba isichomoke. Mafundi walichonga panya, pweza, mashetani, watawa, chochote kile. Kuziita zote hirizi ni kuwapunja mafundi wale.

Huyo mnene ni Hotei, mtawa wa China anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 10. Wajapani humhesabu kati ya Miungu Saba wa Bahati. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana Ubuddha upo na bahati ipo. Lakini Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, aliishi India zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, na sanamu zake kwa kawaida humwonyesha ametulia, na nundu utosini.

Tafadhali, usiusambaze tena ujumbe huo. Ikuze picha kwanza: ukiona gunia, yaelekea ni Hotei, maana gunia ndiyo alama yake. Na ukiishika netsuke, igeuze, utafute matundu mawili ya kamba. Mara nyingi moja ni pana zaidi, ili fundo lizame ndani.