Kusomea lishe chuo si kusomea kupika, jameni

Ukisema unasomea lishe pale Egerton Njoro ama Maseno, swali la kwanza ni "kwa hivyo utafungua hoteli?" Zii. Ni digrii ya sayansi, miaka minne, na kinachotesa watu si sufuria, ni baiokemia na fiziolojia, kama ulikuwa unakwepa kemia sekondari hapo utajuana nayo vizuri.

Kuna wenye wanaamini eti haina hesabu. Haya, mtoto wa mwaka mmoja analetwa hospitali huko Siaya, unamfunga ule utepe wa rangi kwa mkono juu, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huo ni utapiamlo mkali. Bado hujamaliza, unabonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, shimo likibaki ni maji hayo, hata kama nyanyake anaapa mtoto amenona. Halafu unampa ile pesti ya njugu uone kama ana hamu ya kula, akikataa analazwa. Sasa hapo familia inataka apewe mayai na supu ya nyama chapchap apate nguvu, na mwili wake saa hiyo hauwezi kubeba chakula kingi ghafla, anaweza kufa akishibishwa. Anaanzishwa F-75, maziwa maalum ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali, mililita 130 kwa kila kilo kwa siku kama hajavimba sana, kwa hivyo akiwa na kilo 6 ni 780, gawa mara nane, inakuwa kama 100 kila masaa matatu, usiku pia. Piga hiyo saa nane usiku nesi akikungoja na kikombe ndo uniambie haina hesabu.

Nyingine ni eti mtu wa lishe kazi yake ni kukukataza ugali. Nani atakataza Mluhya ugali? Mzee wa sukari ameambiwa na majirani ale ya wimbi, basi anakula mlima mzima akijua ni dawa. Wimbi iko na nyuzinyuzi sawa, lakini bado ni wanga, ikizidi sukari inapanda tu, kwa hivyo mnaongea kuhusu kipimo, kama ngumi yake hivi, sahani nusu iwe mboga kama osuga ama mrenda, na omena kando, ile unakula na mifupa yake so unapata kalsiamu bila kununua kitu kingine. Na chai isifuate chakula papo hapo, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mwenye anatoka chuo akiandikia watu wa Butere brokoli na maziwa ya lozi enyewe alikosa darasa fulani.

Kazi zipo? Sitakudanganya, tangu 2013 afya iko chini ya kaunti, so ajira inategemea bajeti ya kaunti na wengi wanakaa wakingoja ama wanashika mikataba mifupi ya mashirika. Ukiwa na diploma ya KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, pia unaajiriwa, si lazima digrii, hiyo watu husahau.

Na wale wa kuuza chai ya kupunguza tumbo TikTok wakijiita wataalamu wa lishe, kuna sheria ya 2007 iliyounda KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe Kenya, na bila kusajiliwa huko huruhusiwi kufanya hiyo kazi. Kabla ulipe karo mahali popote, uliza kwanza kama kozi yao inatambuliwa na KNDI.